Zuio limetoka, gharama je?

Habari moja niliyosoma inasema aliyepata zuio la muda mahakamani "ameshinda", hivyo mwenzake atamlipa gharama, yaani alizotumia kuendesha kesi, kama ada ya wakili. Taratibu hapo. Zuio la muda halimalizi ugomvi, linasimamisha mambo tu yasiharibike kabla kesi ya msingi haijaamuliwa. Ndiyo maana majaji mara nyingi huweka kamstari kamoja mwishoni: gharama zitafuata matokeo ya kesi ya msingi. Yaani leo umezuia, mwakani ukishindwa, gharama za siku ile ya zuio nazo zinakuangukia wewe.

Mimi kamstari hako nilikasoma juujuu, nikiwa mjibu maombi, yaani niliyeombewa zuio, kwenye ugomvi wa ukuta wa mpaka. Baadaye tukapatana nje ya mahakama, na hati ya mapatano haikutaja gharama hata kwa neno moja. Ankara ya wakili wangu ikaja palepale: viapo, nakala, kuhudhuria mara nne (tatu kati ya hizo tuliahirishiwa!). Kesi imeisha bila mshindi, nikalipa mwenyewe.

Halafu gharama si fidia. Anayeomba zuio mara nyingi hutakiwa kuahidi kwamba atalipa hasara ya mwenzake ikibainika zuio halikustahili. Hiyo ni hesabu nyingine kabisa, na mwandishi hakuigusa.