Kora 16, kufuli moja

Jamani nilivyojiaibisha mbele ya mama mhasibu wetu, acheni tu. Kuna kiprogramu nilikiandika cha kulinganisha miamala ya mwezi na taarifa za benki, kinakula dakika 40, na mama wa watu kila mwisho wa mwezi anakaa anakisubiri. Ofisi ikaleta seva ya kora 16, yaani prosesa yenye vichwa 16 vya kufanya kazi kwa pamoja, mi nikachukua kalkuleta, 40 gawa kwa 16, dakika mbili na nusu! Nikamfuata, "mama, bandika maji ya chai, kabla hayajachemka kazi imeisha". Hesabu ya darasa la tatu, nani abishe?

Siku ya siku akaja na bosi, na vikombe kabisa. Nikawasha thredi 16, yaani kazi nimeigawa mafungu 16 yaende sambamba, kila kora na lake. Dakika ya tatu, asilimia 5. Dakika ya kumi, asilimia 17. Kufungua htop, kiprogramu cha kuonyesha kora zinafanya nini, nikitegemea mistari ya kijani (programu yangu inapiga kazi) nakuta nyekundu tupu, maana yake kernel, kiini cha mfumo wa kompyuta, ndo iko bize, kazi yake kulaza thredi na kuziamsha, kulinganisha miamala hakuna anayejali. Chai ikanywewa ikaisha, bosi akapokea simu mbili akatokomea, mama akaniuliza kwa upole, "mwanangu, ile ya zamani umeshaifuta?" Ikamaliza kwa dakika 58.

Mchawi mwenyewe mimi. Ili ile asilimia ipande kwa madaha niliweka kihesabio kimoja chenye kufuli moja, na kila ulinganisho, mamilioni hayo, lazima thredi ikaliombe. Nyumba ya kupanga, wapangaji 16, choo kimoja, saa 12 asubuhi, kila mtu na ndoo yake mlangoni.

Nikajitia mjanja, kila thredi nikaipa kihesabio chake, nikavipanga vyote sehemu moja. Dakika 19! Siku mbili nakuna kichwa, kumbe prosesa haichukui namba mojamoja kwenye memori, inabeba baiti 64 kwa mkupuo, na vihesabio vyangu vya baiti 8 vimebanana vinane vinane humohumo, kora moja ikiandika chake basi majirani wote inabidi wabebe upya. Yaani choo kila mtu anacho ila bado wanagombana. Nikaviachanisha.

Ndo nikamkumbuka mzee Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, aliyeshasema tangu 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo cha kasi, mi nikiwa hata sijafikiriwa. Faili inasomwa na thredi moja tu, dakika 4 kati ya zile 40, na hizo hata ulete kora elfu hazigawanyiki ng'o. Zinabaki 36, gawa kwa 16, jumlisha 4, sita na robo. Kupima ikatoka 7, si haba.

Nikaenda tena kwa mama, safari hii kwa adabu, nikamwambia ni dakika saba. "Sawa mwanangu," akasema, kisha akainuka akaijaza chai ile chupa ya lita mbili.