Siku ya majibu, mgonjwa asirudi nyumbani peke yake

Siku niliyoambiwa nina saratani ya titi, daktari alikaa nami dakika kama kumi. Simlaumu, maana foleni nje ilikuwa imefika kwenye ngazi. Alisema kwa Kiingereza, muuguzi akanifasiria kwa Kiluganda, na mimi ni mtu wa Busia, muuza vitenge, ninayeshinda na Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Neno nililoshika lilikuwa moja tu: kookolo, yaani saratani kwa Kiluganda. Nikapanda basi kutoka Kampala kurudi Busia na karatasi yangu kwenye pochi, karibu kilomita 200, na kabla hatujavuka Jinja nilikuwa nimeshapanga nani atawalea wanangu.

Nilikaa wiki sita bila kurudi. Kila mzizi ulioletwa, niliuchemsha nikaunywa. Aliyenirudisha hospitali ni mama mmoja muuza samaki wa sokoni kwetu, ambaye sikuwahi kujua kuwa aliugua. Alikuja jioni, akafunga mlango, akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa titi la kitambaa na kuniwekea kiganjani. Lilishonwa kwa kipande cha shuka kuukuu, ndani pamba na konzi ya mtama ili liwe na uzito, lisipande juu anapoinama. Lilikuwa bado na joto la mwili wake.

"Mwaka wa saba huu, dada," akaniambia. "Na ndoo za samaki nabeba."

Kesho yake nilikata tiketi ya Kampala.

Ndiyo maana nasema, na nitaendelea kusema: hospitali yoyote inayotoa majibu ya saratani Uganda iwe na mtu aliyepitia ugonjwa huo, anayekaa karibu na chumba cha daktari, na mgonjwa mpya asiondoke kabla hajaongea naye. Siku hiyohiyo, kwa sababu wengi wetu tunapotea kati ya majibu na dozi ya kwanza, na tukirudi ugonjwa umeshatambaa.

Watu wa kufanya kazi hiyo tunao. Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago ilianza mwaka 1967, na tangu hapo kuna watu waliotibiwa wakarudi kulima na kuuza. Mwaka 2004 wanawake waliopona saratani ya titi walianzisha shirika lao la kusaidiana, UWOCASO. Mashine ya mionzi ya Mulago ilipokufa mwaka 2016, nayo ilikuwa pekee nchini, wagonjwa hawakunyamaza, walisimama wakapaza sauti. Kinachokosekana ni kuwahesabu watu hawa kuwa sehemu ya matibabu. Mtu wa kikundi cha wagonjwa wanaosaidiana anakuja wodini kwa nauli yake, anashinda na njaa, na pengine askari wa getini anamzuia. Apewe kitambulisho, nauli na chai. Dawa moja tu ya saratani inagharimu zaidi ya hapo.

Kuna mambo ambayo mgonjwa mwenzako ndiye anayekumbuka kukuambia. Kwamba dawa nyekundu ya dripu itakugeuza mkojo uwe mwekundu, na si damu. Kwamba baada ya upasuaji utapandisha vidole ukutani kama mjusi, kidogo kidogo kila siku, mpaka mkono ufike juu. Kwamba homa ikikupata kati ya dozi moja na nyingine usisubiri asubuhi, ukimbie hospitali usiku huohuo.

Na lugha. Kikundi changu cha kwanza kiliongea Kiluganda, na pembeni alikaa mama kutoka Arua, na mwingine Mkongomani aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wamenyamaza. Siku nilipowasalimu kwa Kiswahili, yule wa Arua alilia kabla hajajibu. Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Basi kifike na wodini, huko ndiko mtu anakihitaji hasa.

Sifichi kwamba vikundi vinauma. Tunazikana. Mwaka jana tulizika wawili katika mwezi mmoja, na mkutano uliofuata tulikaa tukishikana mikono, hakuna aliyefungua daftari. Pia wauza dawa za miujiza huingia kwetu kama inzi, ndiyo maana nataka kila kikundi kiwe na muuguzi anayekijua. Lakini yule mama wa samaki alikuwa miongoni mwa hao wawili, na mpaka wiki yake ya mwisho alikuwa akipokea simu za wagonjwa wapya.

Sasa simu hizo zinakuja kwangu. Juzi iliita saa kumi na moja alfajiri, ni binti wa Tororo aliyechomwa dozi ya kwanza jana yake.

"Mama, ni mwekundu kweli."

Nikamuuliza kama ana homa. Hana. Nikamwambia anywe maji, kesho au keshokutwa utakuwa wa kawaida. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza yale matiti ya kitambaa yanashonwaje.