Raleigh aliazimwa uhuru

Kila nikifungua habari za mahakamani nakuta sentensi ile ile: mshtakiwa ameachiwa huru kwa sharti la kutotenda kosa ndani ya miezi 12. Kwa kijana aliyeiba kuku, hiyo ni huruma, na sina ugomvi nayo. Miezi inakwisha, kijana anaendelea na maisha yake. Lakini mfungwa wa kisiasa akiachiwa kwa masharti, miezi yake inakwisha lini? Swali hili linanirudisha kila mara kwa Mwingereza mmoja aliyekatwa kichwa zaidi ya miaka 400 iliyopita, Walter Raleigh.

Raleigh alikuwa askari, baharia na mshairi, kipenzi cha Malkia Elizabeth I. Malkia alifariki Machi 1603, na James I aliyerithi kiti alitaka amani na Hispania. Mwaka haukwisha, Raleigh yuko kizimbani Winchester (London ilikuwa na tauni), akidaiwa kula njama dhidi ya mfalme mpya kwa fedha za Wahispania. Yeye, aliyetumia miaka na miaka kupigana na hao hao Wahispania! Ushahidi mzito ulikuwa maelezo ya mtu mmoja, Lord Cobham. Raleigh alisihi Cobham aletwe waulizane uso kwa uso. Wakakataa. Akahukumiwa kifo kwa uhaini.

Mfalme hakumuua, wala hakumsamehe. Alimweka katika Mnara wa London kwa karibu miaka 13, hukumu ikining'inia. Humo bustanini mlikuwa na banda la kuku. Raleigh akaligeuza maabara, akawa anachemsha dawa zake. Aliandika historia ya dunia, ikachapishwa 1614. Mkewe Bess aliruhusiwa kuishi naye kwa vipindi, wakapata mtoto. Wapo wanaoyataja haya kuonyesha kwamba kifungo kilikuwa cha starehe, nami siwaelewi kabisa. Kisheria mtu huyo alikuwa maiti. Mali ya haini wakati huo ilikuwa ya mfalme, na nyumba yao ya Sherborne ikapewa Robert Carr, kipenzi cha James, ingawa Bess alipiga magoti kuiombea.

Machi 1616 mlango ukafunguliwa, na sababu ilikuwa fedha. Hazina ya mfalme ilikuwa hoi, na Raleigh alikuwa amemwahidi mgodi wa dhahabu kando ya mto Orinoco, huko Amerika ya Kusini. Tazama alivyotolewa. Alitoka na mlinzi wa kumfuata kila aendako, akikatazwa kukanyaga kasri la mfalme na mikusanyiko ya watu bila ruhusa. Akapewa ruhusa ya kuandaa meli, kwa sharti kwamba asiwadhuru raia wa mfalme wa Hispania. Na ule mgodi ulisemekana kuwa kwenye nchi ambayo Hispania inadai ni yake, karibu na mji wake wa San Thomé. Ni kama kumtuma mtu akachote maji kisimani kwa jirani, ukamwonya asikanyage uwanja wa jirani.

Kisha James akachukua mipango ya safari, aliyopewa na Raleigh mwenyewe, akampa balozi wa Hispania, Gondomar.

Hilo la balozi linaudhi, lakini mimi huwa narudi kwenye karatasi. Katika hati zote alizopewa Raleigh hapakuwa na neno la msamaha. Hukumu ya 1603 haikufutwa. Alikuwa amiri wa meli, watu wakiwa chini ya amri yake, mkewe ameuza ardhi yake ya Mitcham kugharimia safari, na bado palikuwa na karatasi London inayosema mtu huyu auawe. Mfalme alimwazima uhuru, na kilichoazimwa mwenyewe hukidai siku atakayo.

Meli zilitoka Plymouth Juni 1617. Zilipofika, Raleigh alikuwa hoi kwa homa, akabaki na sehemu ya meli upande wa Trinidad. Rafiki yake wa miaka mingi, Lawrence Keymis, ndiye aliyepanda mto na watu wapatao 400, pamoja na Wat, mtoto mkubwa wa Raleigh. Januari 1618 wakapigana San Thomé na kuuteka mji. Wat akauawa hapo. Dhahabu haikupatikana. Keymis aliporudi na habari hizo, Raleigh alimlaumu vikali, na Keymis akaingia chumbani mwake melini akajiua. Machi Raleigh akamwandikia Bess kumpa pole ya mtoto wao. Alimwambia kwamba ubongo wake umevunjika, na kuandika kwenyewe ni mateso.

Nikifika kwenye barua hiyo huwa naweka kitabu chini kwanza. Sharti lilivunjwa mtoni, yeye akiwa kitandani, na waliolivunja ni watu aliowapenda. Sharti linalofungwa shingoni mwa mmoja huwafunga wote waliomzunguka, kwa sababu kosa la yeyote kati yao linaweza kumrudisha kaburini.

Alirudi Plymouth Juni, akakamatwa. Tarehe 28 Oktoba 1618 alifikishwa mbele ya Jaji Mkuu Henry Montagu pale Westminster. Raleigh akajitetea: mfalme aliyenipa mamlaka juu ya maisha ya watu wengine atakuwa amenirudishia yangu. Mimi naona hoja hiyo ilikuwa ya haki. Montagu akamjibu kwamba uhaini hausamehewi kwa kudhania. Lazima msamaha uandikwe wazi. Kesho yake asubuhi wakamkata kichwa, kwa hukumu ile ile ya 1603. Mtu aliyehukumiwa kwa kuwa rafiki wa Wahispania aliuawa kuwaridhisha Wahispania.

Utaniambia alipewa nafasi, akaiharibu. Alipewa nafasi gani? Serikali iliyotaka kumwachia kweli ilihitaji mstari mmoja tu wa wino. Ilijua, na ikauacha makusudi.

Ndiyo maana namheshimu sana John Bunyan, aliyepewa karatasi ya namna hiyo akaikataa. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba sufuria na mhubiri asiye na kibali wa Bedford. Ufalme ulikuwa umerudi 1660 baada ya vita na utawala wa Oliver Cromwell, aliyeitawala Uingereza bila mfalme, na serikali iliona kila kusanyiko la sala nje ya kanisa lake kama chimbuko la uasi. Novemba mwaka huo wakamkamata. Sharti la kutoka lilikuwa jepesi kwa masikio: ahidi kuacha kuhubiri, nenda nyumbani. Akasema akitoka leo, kesho atahubiri.

Mwenye gharama yake alikuwa Elizabeth, mke wake wa pili, ambaye ndoa yao haikuwa imetimiza miaka miwili. Agosti 1661 aliingia kwenye chumba cha majaji Bedford, kimejaa wakubwa wa wilaya, mwanamke peke yake. Akawaeleza kwamba ana watoto wadogo wanne wa mumewe, yeye ni mama wa kambo, mmoja wao kipofu, na wanaishi kwa sadaka za watu. Alikuwa mjamzito mume alipokamatwa. Kwa mshtuko uchungu ukamshika kabla ya wakati, ukadumu siku nane, na mtoto akafa. Jaji Matthew Hale alionyesha huruma. Jaji Twisden akamuuliza jambo moja: mumeo ataacha kuhubiri? Angeweza kusema ndiyo. Akajibu: "Bwana wangu, hathubutu kuacha kuhubiri maadamu anaweza kusema."

Twisden akaona hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo. Elizabeth alitoka chumbani mle akilia. Alieleza baadaye kwamba hakulia sana kwa ugumu wa mioyo yao kwake na kwa mumewe. Alilia akifikiria hesabu ambayo watu wale watatoa siku ya kurudi kwa Bwana. Mumewe alikaa gerezani mpaka 1672, akitengeneza kamba za viatu ili watoto wapate chakula.