Shemeji na Debe Lililojikunja

Shemeji ni mtu wa usafi, na harufu ya mafuta kwenye debe lake la bati la lita 20 ilimnyima raha. Akatia humo maji kama lita moja, akalibandika jikoni mdomo wazi, akayaacha yatokote mpaka mvuke ukawa unatoka kwa nguvu. Hadi hapo hana kosa. Akaliepua, na kwa kuwa hapendi kitu kipotee bure, akakaza kifuniko. Mvuke uliobaki ungemalizia harufu.

"Shemeji, legeza hicho kifuniko."

"Moto nimeshauzima. Litalipuka na nini?"

Hoja nzuri, ila hatari ilikuwa imeshahamia upande wa pili. Debe likifungwa likiwa motoni hupasuka. Likifungwa baada ya kuepuliwa hubonyea. Mvuke ulikuwa umeifukuza hewa karibu yote, ndani pamebaki maji na mvuke tu. Na huo ukipoa hausinyai kidogo kama hewa, unarudi kuwa maji. Kwenye nyuzi 100 unasukuma kwa kilopaskali 101, sawasawa na hewa ya nje. Kwenye 60 ni 20. Kwenye 25 ni 3 tu.

Wakati namweleza haya, yeye anaona debe linachelewa kupoa. Akachota ndoo ya maji baridi, akalimwagia.

Ko! Halafu kra-kra-kraa, ubavu mmoja ukaingia ndani, wa pili ukaufuata, mpini ukapinda. Shemeji alikuwa ameshafika nyuma ya mlango.

"Nani kalikanyaga?"

Hewa, Shemeji. Ubavu wa sentimita 35 kwa 23, ukiupa tofauti ya kilopaskali 80 kati ya nje na ndani, unabanwa kama umebebeshwa kilo 650. Bati jembamba vile halisubiri hata nusu ya hizo. Ndiyo maana matangi ya malori yanayooshwa ndani kwa maji moto huwekewa vali ya kuingiza hewa, na debe lisilo na vali huachwa kifuniko kikiwa kimelegea mpaka lipoe kabisa.

Akataka kulifungua, kifuniko kimeng'ang'ania: hewa ileile ya nje ilikuwa imekigandamiza. Nikakimwagia maji ya uvuguvugu, tukakizungusha, fyuuu, hewa ikaingia. Debe halikurudi. Bati likishapita mahali pa kujikunjua lenyewe hubaki lilivyo, na kwenye mishono ndipo litakapoanza kuvuja. Shemeji akaweka mdomo akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mapafu ya mtu hayafikishi nguvu iliyolikunja, lakini sikumkatiza.

Alipochoka akafikiri, kisha uso ukamchangamka. Mvuke ndio uliolikunja, basi mvuke ndio utakaolikunjua. Akatia maji mengine, akawasha moto, akaanza kuangaza macho sakafuni.

"Shemeji, hujakiona kifuniko?"

Kilikuwa mfukoni mwangu.