Sigara ya Mapumziko na Sikio la Mpiga Ngoma

Ukipita Bagamoyo wakati vikundi vinajiandaa kwa tamasha, utaona desturi ambayo hakuna anayeishangaa. Kiongozi akitangaza mapumziko, wapigaji huweka ngoma chini, hutoka nyuma ya jukwaa na kuwasha sigara. Wanapunga upepo, wanasema. Kwa maoni yetu, katika siku nzima ya msanii hakuna wakati mbaya zaidi wa kuvuta kuliko dakika hizo kumi, na kiongozi anayetoza faini wachelewaji angeanza kwa kuipiga marufuku sigara hiyo.

Sikio la ndani hupata damu kwa mshipa mmoja mwembamba, usio na mwenzake wa kulisaidia ukibanwa. Ndani ya koklea, kile kijumba cha umbo la konokono, mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 tu kwa kila sikio, na zikifa hazioti tena. Ngoma ikirindima, seli hizo hufanya kazi kupita kiasi na kumaliza akiba yake; ukimya wa mapumziko ndio muda wa kurudishiwa oksijeni. Sasa ingiza sigara hapo. Nikotini inabana mishipa. Kaboni monoksaidi, gesi iliyomo kwenye moshi, nayo huing'ang'ania himoglobini, mbeba oksijeni wa damu, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kwa mtu anayepumua hewa ya kawaida huchukua saa nne hivi hadi sita kupungua kwa nusu. Upepo wa bahari ni mtamu, lakini hauiharakishi. Mpigaji anarudi jukwaani na damu pungufu, kisha anapigiwa kelele upya.

Mwaka 2018 Wajapani walichapisha utafiti uliofuatilia wafanyakazi zaidi ya 50,000 kwa muda wa hadi miaka 8. Wavutaji walikuwa na hatari mara 1.6 ya kupoteza usikivu wa sauti kali, yaani zile nyembamba za juu, na mara 1.2 kwa sauti nzito. Habari njema ni kwamba kwa walioacha, hatari ilishuka ndani ya miaka mitano. Hawakuwa wanamuziki, lakini sauti kali ndizo hizohizo ambazo kelele ya jukwaa huziharibu kwanza. Kwa Kiswahili hasara hiyo huonekana kwenye herufi: mtu anasikia kwamba unaongea, ila “thamani” na “samani” zinakuwa kitu kimoja, na “fika” haitofautiani na “shika”. Halafu analalamika kwamba waimbaji wa siku hizi hawatamki vizuri.

Tusiisingizie sigara kila kitu, maana kelele ndiyo mkosaji mkuu. Kwa kipimo kinachotumika sana kazini, desibeli 85 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) zinavumilika saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 100 ni dakika 15 tu. Onyesho la taarabu au singeli lenye spika kubwa linalokwenda hadi usiku wa manane limeshavuka mpaka huo kabla waalikwa hawajaketi. Ukipima kwa programu ya simu, pima pale kilipo kichwa cha mpigaji. Kwenye meza ya fundi mitambo utapata namba ya kujifariji.

Kuziba masikio kwa pamba hakusaidii, inapunguza desibeli chache tu. Kizibo cha sponji kinafanya kazi kikivaliwa sawasawa, na wengi hukosea hapa. Nawa mikono. Kisokote kiwe chembamba bila mikunjo, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 mpaka kitanuke. Sauti yako ikisikika kama unaongea ndani ya mtungi, kimekaa. Kikichungulia nje, umevaa pambo. Ubaya wa sponji ni kwamba inameza zaidi sauti kali, hivyo mpigaji huona ngoma imefifia na kupiga kwa nguvu zaidi. Mwimbaji na mpiga zumari wanafaa zaidi kuvaa vizibo vya wanamuziki vyenye chujio la desibeli 15, ambavyo hushusha sauti zote karibu sawa. Hapo 100 inakuwa 85. Ni ghali kuliko sponji, lakini huoshwa na kutumika tena, na kikundi kinachoweza kushona sare mpya kila msimu kinaweza kuvinunua.

Masikio yakivuma baada ya onyesho, yameshaumizwa, hata yakitulia kesho yake. Nenda ukapimwe usikivu kwa daktari wa masikio, pua na koo, ila usiende asubuhi ya kuamkia ngoma: kaa mbali na kelele saa 14 au zaidi, la sivyo majibu yataonyesha uchovu wa jana. Omba wapime pia hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 3,000 na 6,000, kwa sababu kelele huanza kuchimba kati ya 3,000 na 6,000, na kipimo cha harakaharaka mara nyingi huziruka. Karatasi ya majibu itunze, mwaka ujao uende nayo.