Kwa Mapato Yako Yote

Koti zito la sufu nililolivaa siku ya mahafali ya binti yangu nililinunua katika mnada wa mitumba hapa Morogoro kwa shilingi 15,000, na kwa miaka sita liliishi nyuma ya mlango wa chumbani bila kazi yoyote, kwa sababu Morogoro haina baridi ya kumlazimisha mtu mzima kuvaa blanketi lenye vifungo. Mke wangu alikwisha kulihukumu kufanywa madekio mara tatu. Kumbe lilikuwa linasubiri nauli ya kurudi kwao. Ndani yake limeshonewa kitambaa kidogo chenye jina la fundi cherehani wa Uingereza, na tangu tulipotua Edinburgh, kule Uskoti, nilitembea nikiwa nimelikumbatia kifuani, si kwa ajili ya baridi peke yake, bali kwa hofu kwamba mzee fulani angenisimamisha barabarani na kuniuliza kwa adabu nimelipata wapi. Mwezi ulikuwa Julai, ambao wenyeji huuita majira ya joto bila kucheka.

Nilikwenda kwa ajili ya Neema, mtoto wa mtunza stoo mstaafu, ambaye ufadhili ulimlipia masomo yote lakini haukusema lolote kuhusu nauli ya wazazi. Nauli hiyo ilimeza akiba yetu ya vikoba pamoja na ng'ombe mmoja wa maziwa, ambaye hadi leo mke wangu humtaja kwa jina tunapokunywa chai ya rangi.

Mahafali yalifanyika katika Ukumbi wa McEwan, jengo la Chuo Kikuu cha Edinburgh lililofunguliwa mwaka 1897, ambalo ukilitazama kutoka nje unaweza kudhani ni kanisa kuu lililovimba upande mmoja. Msanifu wake, Robert Rowand Anderson, alilipa umbo la nusu duara kama kumbi za maonyesho za Wagiriki wa kale, ili watu wote, wa sakafuni na wa roshani, wamwone na kumsikia aliye jukwaani. Juu kuna kuba, kuna kinanda kikubwa cha mabomba, na kuna michoro ambayo William Mainwaring Palin aliijaza wanawake waliojitanda mashuka, wanaowakilisha sanaa na sayansi. Mke wangu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini elimu za watu hawa zimechorwa kuwa za kike, ilhali yeye alikomeshwa darasa la saba ili kaka yake aendelee na sekondari. Kaka huyo ndiye shemeji yangu, na tutamfikia.

Jambo lililonikalia kooni ni fedha za ujenzi. William McEwan, aliyetoa takriban pauni 115,000 kwa ajili ya ukumbi huo, alikuwa mtengenezaji wa bia. Alianzisha kiwanda chake mjini humohumo mwaka 1856, akaiuza bia yake hadi makoloni ya mbali, akaingia bungeni, halafu akawajengea wasomi mahali pa kuvalia majoho. Neema alinieleza hayo kwa furaha, siku moja kabla ya mahafali, kana kwamba hanijui. Mimi ndiye mwenyekiti niliyefuta kreti za bia katika bajeti za harusi tatu za ukoo wetu, na wapo ndugu ambao kwa kosa hilo hunisalimia kwa kunipungia mkono wakiwa ng'ambo ya barabara. Nimemlea mtoto kwa miaka 24 nikimwambia kwamba pombe haijawahi kujenga nyumba, naye akanipandisha ndege kwenda kunionyesha nyumba.

Kama hiyo haikutosha, kuzunguka kuba wameandika maneno ya Mithali sura ya 4 yanayosifu hekima, yale ambayo katika Biblia yangu yanasema, "kwa mapato yako yote jipatie ufahamu." Mstari huo nimeusikia ukihubiriwa mara nyingi, lakini sikuwahi kukutana na mtu aliyeutekeleza neno kwa neno. McEwan alitoa sehemu ya mapato yake na jina lake likawekwa juu ya ukumbi. Mimi nilitoa mapato yangu yote, ng'ombe akiwamo, nikapewa kiti cha roshani.

Asubuhi ya mahafali nilijiandaa kwa uzoefu wa kwetu, ambako ukiambiwa shughuli ni saa nne unaelewa kwamba saa nne ndipo mgeni rasmi anapoingia bafuni. Nilibeba ndizi mbili na karanga mfukoni. Saa nne ilipofika, walianza, nami nikabaki na karanga ambazo haziwezi kutafunwa kimyakimya katika jengo lililokusudiwa kufikisha kila sauti kwa kila mtu. Isitoshe, nilikuwa nimesahau miwani juu ya meza tuliponywea chai, kwa kuwa muda wote wa chai niliutumia kumpiga marufuku Mama Neema asipige vigelegele. Nilimweleza kwamba hiyo ni hafla ya kimataifa. Yeye alinikubalia haraka mno, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka.

Wahitimu wote huvaa joho jeusi, na kwa macho yasiyo na miwani, kutoka roshani, wote ni kunguru. Majina yalisomwa, lakini masikio yangu ya miaka 61 hayakuwa yamezoea lafudhi ya Kiskoti, kwa hiyo nikaamua kumtambua mwanangu kwa mwendo, kwa sababu tangu utotoni hutupa mguu wa kushoto kama anayefukuza kuku. Nilipouona mguu huo ukitupwa, nilisimama na kupaza sauti, "Neema! Neema mwanangu! Baba yako niko hapa!" Wagiriki wa kale walijua kujenga. Sauti ilikwenda hadi jukwaani, ikazunguka kuba na kunirudia, na safu tatu za watu zikageuka kunitazama. Mke wangu alilivuta koti upande wa nyuma na kuninong'oneza, "Baba Neema, keti. Huyo ni mtoto wa watu."

Alikuwa mtoto wa familia moja ya Kinigeria iliyoketi mbele yetu, na mama yake, aliyefunga kilemba kirefu ambacho hata mimi nilikuwa nakiona vizuri, alinitazama kama mtu anayejiuliza kama binti yake ana baba mwingine. Nilikaa nikiwa mdogo kuliko zile karanga. Lakini dakika kama 20 baadaye jina la Neema liliposomwa, nami nikiwa nimeapa kutofungua mdomo hadi uwanja wa ndege, yule mama alilitambua kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuutangazia ukumbi mzima. Alisimama yeye, wakasimama na dada zake wawili, wakamshangilia binti yangu kuliko walivyomshangilia wa kwao, na hapo Mama Neema akaachia vigelegele alivyokuwa amevihifadhi tangu Dar es Salaam. Baadaye Neema alituambia kwamba mwezi Agosti, wakati wa tamasha la Fringe, ukumbi huohuo hutumika kwa maonyesho ya wasanii. Nilimwambia kwamba mimi nimekwisha kufungua msimu.

Halafu likaja suala la kofia. Kila mhitimu huinama mbele ya mkuu, naye huguswa kichwani kwa kofia nyeusi iitwayo Kofia ya Geneva, ambayo kwa masimulizi ya wanafunzi ilishonwa kutokana na suruali ya John Knox, mhubiri aliyefariki mwaka 1572. Nywele za binti yangu, zilizosukwa kwa saa sita, ziliguswa na suruali ya marehemu! Neema alinituliza kwamba kofia ilipofumuliwa kwa matengenezo mwaka 2000 walikuta ndani yake kitambaa chenye mwaka 1849 na jina la fundi cherehani, Henry Banks. Nililifunua koti langu, nikakitazama kitambaa cha fundi wangu, wala sikutulia, kwa sababu jina la fundi halithibitishi alianza na nini. Mafundi nawafahamu, ninazo suruali zangu mbili zilizoingia kwa fundi kupunguzwa upindo zikatoka kaptura. Akaongeza kwamba nembo iliyoshonewa ndani ya kofia hiyo ilikwenda angani mwaka 2006 na mwanaanga Piers Sellers, aliyesoma hapohapo. Sikuona hilo linaisaidiaje suruali. Ni pale aliponikumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alihitimu katika chuo hicho mwaka 1952, kofia ikiwa tayari na umri wa zaidi ya miaka 100, ndipo nilipofunga vifungo vya koti na kunyamaza, maana sikutaka kujadili suruali na Mwalimu katika sentensi moja.

Tumerudi Morogoro, koti limerudi nyuma ya mlango, na shemeji yangu amekuja. Mpwa wake alikwisha kumsimulia habari za bia kwa simu, tena kwa kirefu. Aliketi kwenye kiti changu, akaniambia, "Shemeji, kwa hiyo wanywaji ndio wajenzi wa vyuo," kisha akanijulisha kwamba yeye amekuwa akichangia kwa miaka 30 bila kutambuliwa, na kwamba sherehe ya kumpokea Neema lazima iwe na kifungu cha ujenzi wa kumbi. Nimekataa kwa maandishi. Hata hivyo kikao cha kamati ni Jumapili, na Mama Neema amemwambia kaka yake ahudhurie akiwa na risiti za chupa zote, ili ijulikane ukumbi wake umefikia wapi, na aje na jina la mwanamke atakayechorwa kwenye kuba.