"Naiona" haitoshi karibu na uwanja wa ndege

Usiku wa Januari 29, 2025, helikopta ya jeshi la Marekani iligongana na ndege ya abiria juu ya mto Potomac, ndege ikiwa inakaribia kutua uwanja wa Reagan, Washington. Watu 67 walikufa. Muda mfupi kabla, mwongoza ndege aliwauliza marubani wa helikopta kama wanaiona ndege hiyo. Wakajibu wanaiona, wakaomba wajitenge nayo wenyewe kwa macho, wakaruhusiwa. Kibali cha namna hiyo ndicho kinachobishaniwa tangu siku ile.

Wanaokitetea wana hoja. Usiku ule mtu mmoja mnarani alikuwa akihudumia ndege na helikopta kwa pamoja. Ukimdai apangie kila chombo nafasi kwa amri, foleni ya kutua itarefuka na redio itajaa maneno. Mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, utaratibu huu unafanya kazi kila siku na hakuna anayeuandika gazetini.

Shida iko kwenye jicho lenyewe. Ndege inayokujia moja kwa moja haisogei kwenye kioo: inakaa palepale kama nukta, halafu sekunde za mwisho inajaa kioo chote. Jicho hunasa kinachosogea, nacho kwa kawaida ndicho kisichokuja kukugonga. Ongeza giza na taa za mji, kisha ujiulize: mtu akisema "naiona", anaiona ipi?

Redio nayo ina mitego yake. Mwongozaji aliagiza helikopta ipite nyuma ya ndege, lakini wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za usafiri, walionyesha kwamba huenda maneno hayo hayakusikika, kwa sababu kitufe cha redio ya helikopta kilibonyezwa kwa sekunde 0.8 wakati huohuo. Isitoshe, vyombo hivyo viwili vilikuwa kwenye masafa tofauti ya redio: vyote vilimsikia mwongozaji, vyenyewe havikusikiana. Marubani wa ndege hawakuwa na njia ya kujua helikopta imeomba nini. Nao mfumo wa ndani ya ndege unaoamuru "panda" au "shuka" huwa hautoi amri hizo chini ya takriban futi 1,000, yaani palepale msongamano unapokuwa mkubwa.

Wengine wanasema kosa ni la helikopta, kwa kuwa njia yake ilikuwa na kikomo cha kimo cha futi 200 nayo ilikuwa karibu futi 278. Ni kweli, lakini wachunguzi walikuta kwamba hata ingekaa kwenye kikomo, nafasi kati yake na ndege inayotua kwenye njia ya kurukia namba 33 ingeweza kuwa futi 75 tu. Hapo simlaumu rubani peke yake.

Anayedhani tatizo ni usiku tu aitazame Nairobi. Asubuhi ya Machi 5, 2024, ndege ndogo ya mafunzo, Cessna 172, iligongana na ndege ya abiria, Dash 8 ya Safarilink, iliyokuwa imetoka uwanja wa Wilson kwenda Diani. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walikufa. Dash 8, yenye watu 44, ilirudi salama.

Kwangu, macho yabaki kinga ya pili. Karibu na uwanja, hasa usiku, mnara ndio utenganishe, hata kama ndege zitachelewa. Ila amri hiyo bila waongozaji wa kutosha ni kumtwisha yuleyule mmoja mzigo mwingine, na hapo wanaotetea macho wana haki ya kuuliza: nani atalipia kiti cha pili mnarani?